Ng'ombe wa Bure wa Pétronille

Mimi nauza rangi, misumari na mabati hapa Masisi-centre, na sina subira na mtu anayeshikashika bidhaa bila kununua. Kwa hiyo Pétronille alipokuja kuniomba pembe ya veranda aweke meza yake, nilimtazama kwanza kuanzia viatuni. Alikuwa amebeba kompyuta iliyofungwa ndani ya kitenge, na kichwani pano ndogo ya kuvuta umeme wa jua. Nikamwuliza atauza nini. Akasema atauza kurasa.

“Kurasa ya nini? Ya cahier ya shule?”

“Hapana, Mama Kanyere. Ya internet.”

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Mtandao wenyewe hapa kwetu ni wa kuvizia. Unapatikana kwenye jiwe fulani nyuma ya dispensaire, yaani zahanati, kwenye kona moja ya soko, na juu ya mlima ulio nyuma ya parokia. Nani atataka ukurasa ambao ili auone lazima apande mlima? Lakini pembe nilimpa, kwa sababu nilimjua. Kabla vita haijatutawanya alikuwa akiwaandikia watu barua kwa mashine karibu na parokia, na ndiye aliyeandika tangazo la msiba wa mume wangu, majina yote sita bila kosa hata moja. Jambo kama hilo mimi silisahau.

Tulipokimbilia Goma, kila mtu alirudi na kitu chake. Mimi nilirudi na kikohozi. Pétronille alirudi na ufundi. Huko kulikuwa na kituo cha vijana cha masista, chenye kompyuta kumi na mbili na mwalimu mkali aitwaye Aimée. Pétronille alikuwa na miaka thelathini na minne, mkubwa kuliko wanafunzi wote, na wenzake walimwita bibi. Hakujali. Alikaa mstari wa mbele akajifunza kutengeneza tovuti, tena zile za kisasa, ambazo ukigusa kitu nacho kinakujibu.

Kilichonishangaza ni kwamba hakununua chochote. Aliniambia huko internet kuna watu wanaochora vitu na kuviacha wazi, anayepita achukue. Kuna violezo, yaani kurasa zilizokwisha pangwa, wewe unajaza maneno yako tu. Kuna aina za herufi, vialama vidogo vya simu na bahasha, na picha za kila kitu kilichoumbwa na Mungu. Vyote bure.

“Bure?” nikamwuliza. “Bure ya kweli?”

“Ya kweli, Mama. Bengine banaomba tu uandike jina yao.”

“Mi bure naiogopa,” nikasema, na siku hiyo nilidhani nasema mzaha.

Kufanya kazi alijua. Mitindo ya tovuti hubadilika kila mwaka, kama mishono ya vitambaa. Mwaka huu picha kubwa inajaza kioo chote, mwaka ujao maneno yanaingia yakielea kidole kinaposhuka, mwaka mwingine kila kitu ni cheusi na vitufe vina kona za mviringo. Pétronille aliijua yote, lakini alisema mtindo ukipanda hadi Masisi lazima upungue kilo. Kila ukurasa aliujaribu kwanza kwenye simu yangu, ambayo kioo chake kina ufa toka juu hadi chini na ambayo hufikiri kwanza kabla ya kufanya jambo. Alikuwa akisema, “Kama inakubali kwa simu ya Mama Kanyere, itakubali fasi yote.” Rangi alichagua kwa vifuniko vya ndoo zangu. Alivipanga juu ya meza, akakunja shingo, akafunga jicho moja. Wateja walidhani anasali.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa ya Bienvenu. Bienvenu ndiye msimamizi wa kikundi cha watengeneza jibini, ile tunayoiita fromaji, wanaokusanya maziwa ya vilima vya hapa na kuyageuza kuwa magurudumu ya manjano. Ni mtu mpole mpaka anaudhi; ukimsalimia anajibu akiitazama kofia yake mkononi. Walitaka wafanyabiashara wa Goma waone fromaji yao na kuagiza wenyewe, badala ya kungoja mtu wa kati aliyeko Sake aamue nani mzuri, nani mbaya.

Pétronille akawachorea ramani ya vilima. Ukigusa kilima, kinavimba kidogo, na jina la mtengenezaji wa pale linatokea na namba yake ya simu. Niliigusa mwenyewe mara ishirini, sioni haya kusema. Ila ukurasa wa mbele ulihitaji picha kubwa, na picha kubwa ya fromaji ni nini kama si ng'ombe?

Hapo ndipo tulipojikwaa. Mwenye ng'ombe hapa kwetu haonyeshi ng'ombe wake ovyo. Tumeona mengi. Anayejua zizi lako liko wapi na lina nini ndani, leo ni mnunuzi, kesho hujui ni nani. Pétronille alizunguka siku tatu akiomba picha, na watu wakampa maziwa anywe, wakampa kiti, wakambariki, picha hawakumpa. Hakuwalaumu. Akaamua kwa heshima yao kuchukua ng'ombe asiye na mwenyewe hapa Masisi, ng'ombe wa bure, kutoka kwenye zile picha. Alikuwa nayo moja tangu Goma: ng'ombe wa rangi ya kahawia, pembe moja imeinama chini, anamtazama mtu usoni.

Akanionyesha. Nyuma ya ng'ombe kulikuwa na milima yenye barafu.

“Hii haifanane na kwetu,” nikamwambia. “Na iko navaa kengele kama kanisa. Toa.”

Akatoa kengele. Kuna chombo cha bure cha kufutia, unapitisha kidole, kitu kinatoweka.

“Na ile kitu ya jaune ku sikio?”

Ilikuwa hereni ya njano ya plastiki yenye namba, kama wanazowavisha ng'ombe wa Ulaya. Akaifuta pia. Kisha akamkata ng'ombe kwenye barafu yake, akamweka mbele ya picha aliyopiga mwenyewe njiani kwenda Nyabiondo, asubuhi yenye ukungu, nyasi zikimeta. Alimsimamisha vizuri mno. Kivuli akampa. Ukimgusa, anakuja karibu, unamwona hadi kope za macho. Bienvenu alipoiona akavaa kofia, akaivua, akasema Mungu akubariki, na tovuti ikapanda hewani. Wiki hiyo Bienvenu alipata maagizo tisa ya fromaji kutoka kwa watu asiowajua.

Jumatano iliyofuata akaja Papa Léopold.

Léopold ni mfugaji, au alikuwa. Siku ya kukimbia aliondoka na ng'ombe kumi na mmoja, na alipofika Sake alikuwa na fimbo tu. Wa mwisho kupotea alikuwa Gaju, ambaye alimzalisha kwa mikono yake mwenyewe, akamlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Alipotea kwenye mvua, watu wakisukumana. Tangu arudi, Léopold huwa anazungumza na watu akitazama nyuma yao, kama kuna kitu kinapita. Alisimama mbele ya meza ya Pétronille, akaweka simu yake mezani.

“Mwanangu, fungua ile ya fromaji.”

Akamfungulia. Akagusa ng'ombe, ng'ombe akaja karibu. Mzee akaweka kidole juu ya sikio la ng'ombe.

“Mbwa njo ilikata hapa, ile mwaka ilizaliwa,” akasema. “Rangi ni yake. Pembe ni yake. Na sikio ni yake. Hii ni Gaju yangu.”

Nilisogea, nikatazama. Kweli, sikio lilikuwa na pengo, ukingo umeliwa. Sikuwa nimeliona.

“Papa,” Pétronille akasema taratibu, “hii ng'ombe ni ya internet. Ni foto ya bure. Iko mbali sana, Ulaya.”

Léopold akamtazama, safari hii usoni.

“Na ile kilima? Nayo ni ya internet?”

Kilima kile kila mtu anakijua. Ni malisho ya Bienvenu.

Kwetu hapa hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Kumsimamisha ng'ombe mbele ya watu ni kusema ni wako, na kumsimamisha kwenye malisho yako ni kusema mara mbili. Kabla ya saa kumi mji mzima ulikuwa umemgusa yule ng'ombe na kumvuta karibu. Ile “gusa upanue” ambayo Pétronille alijivunia ikawa shahidi wa mashtaka. Watu wawili hawakupeleka maziwa kwa Bienvenu kesho yake. Mwingine alimpita njiani akatema mate pembeni. Mtu akiitwa mwizi wa ng'ombe katika vilima hivi, hali haiishii kwenye maneno. Nimeona nyumba ikichomwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Bienvenu alikuja dukani, uso umekuwa wa majivu. Hakumgombeza Pétronille, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Dada,” akasema akiiambia kofia, “muke yangu iko nauliza kama tuende kulala kwa bandugu yake Walikale. Nimwambie nini?”

“Ungoje, kaka. Ungoje tu mpaka dimanche.”

Jumapili ndiyo siku aliyoiweka Papa Byamungu, mkuu wa kijiji, baada ya misa: Léopold aje, Bienvenu aje, na yule wa kurasa aje na ng'ombe wake.

Bienvenu alipoondoka Pétronille alikaa, mikono juu ya mapaja. Nikamwambia si atoe ile picha ya kwanza, yenye barafu, awaonyeshe, mambo yaishe. Akatikisa kichwa. Ile ya kwanza ilibaki Goma tu, kwenye kompyuta ya kituo. Nakala aliyokuja nayo ndiyo hiyohiyo aliyoifuta na kuibandika, na jina la aliyeipiga hakuliandika popote. Aimée alikuwa amewapigia kelele juu ya hilo: kila kitu cha bure unachochukua, andika kwenye daftari kimetoka wapi na ni cha nani. Pétronille aliona ni kazi ya bure juu ya kitu cha bure.

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi. Kisha nikakumbuka nani alisema kengele itoke, na nani alisema ile ya njano itoke pia, nikaenda kupanga misumari iliyokuwa imepangwa tayari.

Ijumaa alimpata Aimée kwa simu, kwenye jiwe la dispensaire. Niliisikia sauti ya Aimée nikiwa ng'ambo ya barabara.

“Nilikuambia nini juu ya majina? Nilikuambia nini?”

Kompyuta za kituo zilikuwa zimesafishwa, hakuna picha hata moja iliyobaki. Aimée alianza kutafuta kwenye maghala ya picha za bure. Akaandika ng'ombe kwa Kifaransa, akapata maelfu. Akaandika ng'ombe wa kahawia, akapata maelfu. Jioni akatuma ujumbe kwamba macho yamechoka na kwamba hapendi tena maziwa.

Jumamosi asubuhi tulipanda mlima wa parokia, mimi na Pétronille, duka nimelifunga siku ya soko, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi ya dada yangu. Juu kule mtandao ulikuwepo, na mvua pia. Pétronille alikaa juu ya jiwe na kompyuta magotini, mimi nimesimama nyuma na mwavuli, nusu yangu ya kushoto inalowa. Alinieleza kuna njia ya kutafuta bila maneno: unaipa mashine picha, inakuletea picha zinazofanana nayo duniani.

Akaipa ng'ombe wetu. Tukangoja. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Zikaja picha: vilima vya kijani na ukungu. Vilima vya Rwanda, vilima vya chai, vilima vya nchi nisiyoijua vyenye kondoo. Akajaribu tena. Vilima tena.

“Hiyo masini ni mujinga,” nikasema. Nilikuwa nimelowa na nina hasira. “Unaiuliza ng'ombe, inakujibia kilima. Kwa nini unaipatia kilima ya Bienvenu? Bienvenu na kilima yake tunabajua! Ipatie kichwa peke yake.”

Pétronille aligeuka akanitazama kana kwamba nimeongea Kilatini. Kisha akainama. Akakata picha, akabakiza paji la uso, macho na ile pembe iliyoinama, hakuna jani hata moja. Akaituma. Kiduara kikazunguka. Mtandao ukakatika, ukarudi. Nilikuwa nasali Salamu Maria kwa Kinande, kimoyomoyo, nisije nikaonekana naogopa.

Ya nne katika safu ya kwanza ilikuwa yeye.

Barafu yake. Kengele yake. Hereni yake ya njano, namba zinasomeka, na chini yake sikio zima, pana, halina hata mkwaruzo. Ilikuwa na jina la mama mmoja wa Uswisi aliyeipiga, na tarehe ya miaka mitatu kabla Gaju hajapotea. Tena mama yule alimpenda ng'ombe wake: alikuwa ameweka picha nane, akiwa anakula, akiwa amelala, akiwa na ndama.

Pétronille alilia. Nikamfokea kwamba analowesha vitufe, nami nilikuwa nalia vilevile, mwavuli umenigeukia. Nilitamani kushuka mbio nimwambie Bienvenu afungue mzigo wake, kwa sababu nilijua mkewe amekwisha kufunga.

“Bado, Mama,” Pétronille akasema akipangusa miwani. “Papa Léopold ataniuliza kama hii nayo sikuitengeneza.”

Sikuwa nimefikiria hilo. Yeye alikuwa amefikiria, ndiyo maana yeye ni fundi na mimi ni muuza rangi. Tuliposhuka alikaa mezani mchana wote. Kuna mtindo mmoja unaopendwa sana kwenye tovuti siku hizi, wa kuonyesha nyumba kabla na baada ya kupakwa rangi: picha mbili zimelaliana, katikati kuna mstari wa kusimama, ukiuvuta na kidole picha moja inafunika nyingine polepole. Mtu fulani aliutengeneza akauacha bure. Pétronille aliuchukua, na safari hii niliona akiandika jina lake kwenye daftari. Akaweka ng'ombe wa barafu chini, ng'ombe wa Bienvenu juu, sikio juu ya sikio. Kisha akaniomba simu yangu. Ikafikiri kwanza, ikakubali.

Jumapili baada ya misa, ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Papa Byamungu alikaa mbele. Bienvenu alikuwa upande mmoja na mkewe, Léopold upande mwingine na fimbo yake. Pétronille alieleza yote bila kujificha: alikotoa ng'ombe, alivyomkata, alivyombandika. Watu wakaguna. Papa Byamungu akainua mkono.

“Mwanangu, nisikilize. Muntu anaweza kuweka ng'ombe ya Ulaya ku kilima ya Bienvenu. Sawa. Basi, si anaweza pia kuweka ng'ombe ya Léopold ku barafu?”

Ukumbi ukasema eee. Bienvenu akafumba macho.

“Ndiyo, Papa,” Pétronille akajibu. “Naweza. Njo maana siombi muniamini miye. Naomba Papa Léopold aangalie yeye mwenyewe, na kidole yake.”

Akamwendea, akampa simu yangu. Akamwonyesha mstari. “Vuta pole pole, Papa. Ukitaka rudisha. Mi siguse kitu.”

Mzee akakaribisha simu usoni. Mtu aliyeishi na ng'ombe miaka hamsini haangalii milima wala barafu, anaangalia ng'ombe. Aliupeleka mstari moja kwa moja kwenye sikio. Akavuta kidogo. Pengo likaanza kujaa. Akavuta tena, hereni ya njano ikaota palepale palipokuwa na pengo, kipimo kilekile, ukingo kwa ukingo. Akarudisha mstari, sikio likaliwa. Akauvuta, sikio likawa zima. Alifanya hivyo mara nyingi.

“Sikio nani alikata?” akauliza mwishowe.

“Miye, Papa. Nilikuwa nafuta hii jaune, nikafuta na sikio. Sikuona.”

Hapo nikasimama. Sikupanga kusimama. “Na miye njo nilimutuma,” nikasema, sauti yangu kubwa kuliko nilivyotaka. “Kengele pia ni miye. Pétronille alifuata mudomo yangu. Kama kuna makosa, igaweni mara mbili.”

Pétronille akamfungulia mzee zile picha nyingine saba. Akazipitia zote, mpaka ile yenye ndama. Akatikisa kichwa. Gaju wake, akasema, alikuwa na chuchu moja kavu, na huyu zote nne zimejaa maziwa. Akamrudishia simu. Kisha akainuka, akauvuka ukumbi, akasimama mbele ya Bienvenu.

“Unisamehe, ndugu yangu. Nilikuita mwizi.”

Bienvenu akasahau kofia yake chini. Alimshika mzee mikono yote miwili, na mkewe ndiye aliyesema asante Yesu kwa niaba ya nyumba nzima. Ukumbi ulishusha pumzi kwa pamoja, nikausikia. Papa Byamungu akasema neno limeisha, na yule aliyetema mate njiani alikuwa wa kwanza kwenda kumsalimia Bienvenu, huku akiangalia viatu vyake. Kesho yake maziwa yalirudi yote. Hakuna aliyekwenda Walikale.

Lakini kabla hatujatoka, Léopold alibaki amesimama. Watu walidhani anatafuta fimbo yake.

“Hizi siku ine,” akasema, bila kumwelekea mtu yeyote, “nilikuwa na kasirani, lakini nililala muzuri. Nilijua Gaju iko nakula. Nilikuwa naona majani iko mingi pale kwa Bienvenu.”

Bienvenu alimsindikiza hadi kwake.

Tovuti ya fromaji sasa haina ng'ombe. Ina mikono ya Bienvenu ikigeuza jibini, na chini yake imeandikwa mikono ni ya nani na nani alipiga picha. Daftari la Pétronille limejaa majina ya watu wa nchi za mbali walioacha herufi, vialama na mistari yao wazi, na kila ukurasa anaoutengeneza unawashukuru mwishoni kwa maandishi madogo. Aimée alipoona hayo alituma neno moja: “Enfin,” yaani hatimaye. Kazi zinakuja. Padri anataka ukurasa wa parokia, na mwenye pikipiki za Sake anataka ramani inayovimba. Veranda yangu imekuwa ndogo, na nimemwambia avunje ule ukuta wa ghala aingie ndani.

Ule ukurasa wenye mstari alitaka kuufuta, kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha. Papa Léopold akamwomba auache. Picha ya Gaju hakuwahi kuwa nayo, hata moja. Siku za soko hupitia hapa, anakaa juu ya ndoo ya rangi, na mimi nisiye na subira na wanaoshikashika nampa simu yangu. Anauvuta mstari upande wa sikio lililokatika, mpaka majani ya Bienvenu yanajaa kioo chote, anaangalia kwa muda. Halafu anaurudisha mstari polepole, sikio linakuwa zima, ananirudishia simu, anasema asante, anakwenda kununua chumvi.